Jumapili ya Kubaki Nyumbani

"Wewe mwenye stroberi! Ndiyo, wewe, mrefu! Usijifanye hunioni!"

Tymon Sroka alisimama, kreti kifuani. Mama yake alikuwa amemtuma stroberi za kupikia jemu, na soko la Ijumaa la Dobrolin lilikuwa limefurika: wanawake wakibishana juu ya bei ya bizari mbichi, mapipa ya matango ya chumvi yakinuka vitunguu saumu, muuza soksi akiimba bei zake kama padri. Aliyemwita alikuwa amepanda juu ya sanduku la viazi. Gauni la manjano, raba nyeupe, nywele nyeusi zilizokatwa fupi, kalamu nyuma ya sikio.

"Umeshatia saini?"

"Saini ya nini?" aliuliza Tymon, ingawa bango nyuma ya mwanamke yule lilikuwa pana kuliko mlango: TUMWONDOE MEYA GAWRON.

"Ya kununua ng'ombe." Akainama, akachukua stroberi moja kretini bila kuomba, akaila. "Tamu. Mtu anayejua kuchagua hivi hawezi kuwa upande wa Gawron."

"Nitarudi baadaye."

Mwanamke akacheka mpaka muuza soksi akakatiza wimbo. "Wote wanaosema nitarudi baadaye wanakula mshahara wa manispaa. Wewe idara gani? Maji? Takataka?"

"Nyumba ya Utamaduni," Tymon alijibu, masikio yakimwaka.

"Lo! Bwana Ngoma." Akamsogezea kipande cha karatasi tupu. "Haya, kama jina linakuogopesha, andika namba ya simu. Hiyo haijawahi kumwondoa mtu madarakani."

Tymon akaandika. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na nne ambaye hakuwahi hata kurudisha supu iliyopoa mgahawani, lakini aliandika tarakimu zote.

Saa mbili baadaye simu ililia, mama yake akiwa anakoroga jemu.

"Dubu wa stroberi?"

"Nani mwenzangu?"

"Jagoda Wilk. Mwenye sanduku la viazi. Unaendesha gari?"

"Sina leseni."

"Mtu mzima! Na unakwendaje mahali?"

"Kwa miguu. Au sikwendi."

"Mimi ni mwalimu wa udereva. Jumanne saa kumi, mbele ya posta, gari jekundu. Usichelewe, dubu, mimi nina hasira."

Alikuwa nayo kweli, na mji mzima ulijua ilikoanzia. Majira ya kuchipua mwaka uliopita Meya Roman Gawron alikuwa ameikata miti yote ya uwanja mkuu, ile mikongwe ambayo maua yake yalinukia Juni nzima na watu wakayakausha kwa chai. Akamwaga zege kutoka kanisani hadi manispaa, akaweka chemchemi ya taa za rangi, akawahamisha wachuuzi nyuma ya stesheni. Wazee waliokuwa wakikaa kivulini wakabaki ndani kwao. Watu walipokwenda kwenye kikao cha baraza kulalamika, meya aliwasikiliza akitabasamu, kisha akasema kwamba mji usiopenda maendeleo hauna budi kufundishwa. Baba yake Jagoda, muuza asali kwa miaka yake yote, alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile. Jagoda alikuwa kando yake, akaona jinsi mzee alivyotazama chini. Kesho yake akaanza kutafuta watu wa kumsaidia kumng'oa meya.

Jumanne Tymon alifika mapema, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa.

"Unakwenda harusini?" Jagoda alimuuliza akimfungulia mlango. "Kaa. Funga mkanda. Mguu wa kushoto huo, siyo huo! Mungu wangu, una kushoto ngapi?"

Gari lilishtuka, likaruka, likazima katikati ya njia. Nyuma lori la maziwa likapiga honi.

"Samahani," Tymon alimwambia dereva wa lori kupitia dirishani.

"Usimwombe msamaha! Njia ni yako kama ilivyo yake. Washa. Taratibu, kama unambembeleza paka."

Kufikia mwisho wa Juni paka alikuwa amebembelezeka. Walipita mashamba ya rapa, mmea wa mafuta, yaliyokwisha kupukutisha maua yake ya manjano, wakafika ziwani, wakala mkate na soseji juu ya boneti. Huko Tymon aliweza kusema mambo ambayo mjini yalimkwama kooni: kwamba babake alifariki akiwa mpiga tarumbeta wa bendi ya zimamoto, kwamba yeye alirithi tarumbeta na woga wa kuipiga peke yake. Jagoda alimsikiliza akiwa amevua raba, vidole vya miguu majini.

"Kachura kangu," Tymon alimwambia, kama wapenzi wa kule wanavyoitana.

"Nani chura? Rudia uone."

Akarudia, akaona. Lilikuwa busu refu, lenye ladha ya haradali.

Lakini mjini ilikuwa habari nyingine. Saini zilikuwa zimetosha, tarehe ya kura ikapangwa, Jumapili ya pili ya Septemba, na Dobrolin ikagawanyika hadi kwenye viti vya kanisani. Tymon akikutana na Jagoda mbele ya watu alimwamkia kama mtu anayemwamkia mkaguzi wa umeme.

"Ukiulizwa, mimi ni nani kwako?" Jagoda alimuuliza siku moja, wakiwa wamesimama kwenye taa nyekundu.

"Wanajua najifunza gari."

"Kwa hiyo mimi ni masomo."

"Jagoda, mpenzi, mama yangu anapika shule ya msingi. Mshahara wake na wangu inatoka mfuko mmoja. Nikionekana na wewe, atafukuzwa kwanza yeye."

"Amekwambia hivyo?"

"Hahitaji kuniambia."

Taa ikawa kijani. "Endesha," alisema Jagoda.

Sasa, kumwondoa meya kule si suala la nani ana kura nyingi tu. Sheria inataka watokee watu wa kutosha. Wasipotosha, kura zote ni bure na meya anabaki kitini. Gawron alilijua hilo kama sala. Hakupoteza muda kujitetea. Kila mahali alikopita alisema neno moja tu: bakini nyumbani. Choma nyama bustanini, lala, cheza na wajukuu. Na kwa kuwa wafuasi wake wangebaki nyumbani, yeyote ambaye angeonekana akivuka uwanja kwenda shuleni kupiga kura angekuwa amejitangaza. Ule uwanja haukuwa na mti hata mmoja wa kujificha nyuma yake.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe meya alimwita Tymon ofisini. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, anayekumbuka majina ya mbwa wa watu. Akamkumbatia, akamkalisha.

"Babako alipiga tarumbeta kwenye ubatizo wa binti yangu, unakumbuka? Sikia, kijana. Watu wamechoka na kelele hizi. Tuwapeleke baharini. Bure. Mabasi mawili, Jumapili ile, asubuhi hadi usiku. Nyumba ya Utamaduni ndiyo itakayoandaa."

"Jumapili ya kura, Bwana Meya?"

"Kwani ni ya kura? Kwangu ni Jumapili tu." Akamwekea mkono begani, mzito, wenye joto. "Tymon, sikuombi unipigie kura. Nakuomba usipige kabisa. Umewahi kuombwa jambo jepesi kuliko hilo?"

Tymon alisema atafikiria. Asubuhi yake matangazo yalikuwa yamebandikwa hadi kwenye duka la dawa: wimbi la bluu, samaki wa kukaanga, na chini yake, herufi nene: *Mwandalizi: Tymon Sroka.*

Simu ilimkuta bado amesimama mbele ya tangazo.

"Safari ya nani hii?" Sauti ya Jagoda ilikuwa tulivu, na hiyo ilimtisha kuliko kelele.

"Jagoda, si mimi niliyeibuni."

"Lakini ulijua."

"Aliniita jana. Nilisema nitafikiria."

"Na ulipomaliza kufikiria ulinipigia kuniambia? Niliisoma kwenye nguzo, Tymon! Nikiwa na mwanafunzi garini! Mimi natembea nyumba kwa nyumba nikiwaomba watu wawe na miguu ya kuvuka uwanja, na mtu ninayembusu anawapandisha basi!"

"Mama yangu..."

"Usimtaje mama yako. Masomo yako nimemwachia mwalimu mwenzangu, Bwana Kazik. Ana miaka sabini na haogopi mtu."

Simu ikakatika. Alipiga tena, akapiga tena jioni, akatuma ujumbe mrefu, akaufuta, akatuma mfupi. Hakujibiwa. Bwana Kazik alimwandaa kwa mtihani wa udereva akimtukana kila kona, na leseni ilipofika Tymon aliitia mfukoni bila kumwonyesha mtu.

Jumapili ile jua lilichomoza kali kama la Julai. Tymon aliamka, akavaa koti la bluu la Nyumba ya Utamaduni, akaingia jikoni. Mama yake, Bibi Lucyna, alikuwa amekaa mezani amevalia gauni lake la zambarau la sikukuu, bruchi kifuani, rangi ya mdomo imepita mpaka kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imekomazwa na sufuria kubwa.

"Mama, ibada si saa nne?"

"Siendi ibadani. Leo sianzi na ibada." Akafunga mkoba. "Nakwenda shuleni, kura."

"Mama! Watakuona!"

"Ndiyo maana nimepaka rangi."

"Watakufukuza kazi."

"Anifukuze. Aingie yeye jikoni awamenyee viazi watoto mia mbili, tuone." Akainuka, kisha akamtazama mwanawe vizuri. "Yule msichana wa asali alikuja hapa juzi."

Tymon akashika kiti. "Jagoda? Kufanya nini?"

"Kuniomba msamaha. Alidhani nimemchukia kwa sababu ya kazi yangu. Nikamuuliza, nani kakwambia? Akakataa kukutaja, kwa heshima. Lakini mimi si mjinga, Tymon. Woga wako umeuvika aproni yangu, ukautembeza mjini kwa jina langu. Miaka thelathini napika pale, sijawahi kumwomba mtu aniogopee."

Akatoka. Kupitia dirishani Tymon aliuona mgongo wa zambarau ukishuka ngazi, ukakunja kona ya duka la mikate, ukapotea kuelekea uwanjani.

Mabasi mawili yalikuwa yanangoja mbele ya Nyumba ya Utamaduni, injini zikiunguruma. Moja lilikuwa limekwisha kujaa na mlango wake umefungwa. La pili lilikuwa nusu: walimu wa chekechea, fundi wa mabomba wa idara ya maji na familia yake, wazee wawili wenye miavuli ya jua. Hakuna aliyekuwa akicheka. Walikuwa wakitazama magoti yao, na Tymon akautambua ule mtazamo, maana ndio aliokuwa nao yeye mbele ya meya.

Naibu wa meya, Bwana Hubert, alikuwa mlangoni na miwani nyeusi. "Panda, panda, tumechelewa."

Tymon akapanda lile la pili. Akachukua kipaza sauti cha dereva. Siku ya kura sheria inakataza kampeni, kwa hiyo alichagua maneno kwa uangalifu, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Habari za asubuhi. Mimi ndiye mwandalizi, jina langu mmeliona. Nilikuwa niwapeleke baharini. Siendi. Nina shughuli kidogo pale shuleni. Anayetaka kwenda baharini aende salama, samaki ni wazuri. Ni hilo tu."

Akashuka.

"Tymon!" Bwana Hubert alifoka. "Rudi ndani! Unajua unachofanya?"

"Bado. Lakini nimeanza."

Akaanza kuvuka. Zege liliakisi jua machoni, na hatua zake zilisikika hadi kwenye kuta za manispaa. Mapazia yalisogea ghorofani. Katikati, karibu na chemchemi, simu ikatetema mfukoni.

"Tymon, mwanangu." Sauti ya meya ilikuwa ya upole. "Nimesimama dirishani. Naona mgongo wako."

Tymon akageuka, akaitafuta ghorofa ya kwanza, akaliona shati jeupe nyuma ya kioo.

"Basi sasa tazama na uso, Bwana Meya."

"Kesho usije kazini."

"Sawa. Nitalala."

Akakata simu. Alikuwa anatabasamu kama mlevi. Nyuma yake alisikia viatu vingine juu ya zege. Fundi wa mabomba, mkewe, mtoto mabegani, na nyuma yao mwalimu mmoja wa chekechea aliyekuwa akilia na kutembea kwa pamoja.

Kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, Jagoda alikuwa amekaa ukutani na beji ya mwangalizi aliyewekwa na walioitisha kura. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyombana mabega na hakuruhusiwa kuzungumza na wapiga kura. Tymon alitoa kitambulisho, akapokea karatasi, akaweka alama yake nyuma ya pazia, akalitafuta sanduku la kura kama kipofu.

"Liko mbele yako, bwana," Jagoda alisema, sauti kavu ya kiserikali. Lakini shingo yake ilikuwa imeiva nyekundu hadi kwenye kola.

Adhuhuri Jagoda alipopewa mapumziko alimkuta Tymon ngazini nje, amekaa na Bibi Lucyna, wakila pierogi, sambusa za kuchemsha zilizojazwa kabichi, kutoka kwenye bakuli la plastiki.

"Naondoka," alisema Bibi Lucyna akijifuta mdomo. "Mbakizie na yeye, usimalize."

Jagoda alikaa.

"Umekuja kwa ajili yangu?"

"Hapana," alisema Tymon. "Kwa ajili yako nilipaswa kuja mwezi uliopita. Leo nimekuja kwa ajili yangu mimi. Wewe nakuomba msamaha, hilo ni jambo la pili."

"La safari?"

"La nguzo. Kwamba ulisoma kwenye nguzo."

Jagoda alichukua pierogi, akaila yote, akanyonya kidole. "Nimekuwa nikitazama ule mlango tangu asubuhi, mjinga wewe. Kila aliyeingia mrefu, moyo wangu ulisimama. Hata kwa padri."

"Padri amekuja?"

"Na kofia ya kuendeshea baiskeli."

Wakacheka mpaka mlinzi wa shule akawachungulia. Kisha Jagoda akaegemeza kichwa begani kwake, hapo hapo ngazini, mbele ya yeyote aliyetaka kuona. Na walikuwa wengi.

Jumatatu asubuhi matokeo yalibandikwa mlangoni mwa manispaa. Karibu wote waliojitokeza walitaka Gawron aondoke. Lakini idadi yao haikutosha. Ilipungua kwa watu kama hamsini.

Tymon aliisoma mara mbili. "Basi moja," alisema. "Lile lililokwisha kujaa. Watu wangu."

Jagoda alikuwa kando yake, macho mekundu, ngumi mfukoni. Hakumwambia si kosa lako. "Ndiyo," alisema. "Hilo utakuwa nalo. Na mimi nitakuwa nalo, maana kuna mtaa mzima nilioacha kuutembelea kwa hasira zangu juu yako." Akavuta kamasi. "Miezi kumi. Sheria inasema miezi kumi ikipita kura inaweza kupigwa tena. Naanza kesho. Sanduku la viazi bado ninalo."

Watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi juu ya zege. Haikuwa kama msiba. Walikuwa wakitazamana waziwazi, kama watu waliokutana uchi kwenye bwawa na sasa hawana cha kufichana. Fundi wa mabomba alikuwa akisimulia kwa sauti kwamba ameitwa ofisini na kwamba atakwenda na mkewe, mkewe ndiye mwenye mdomo.

"Nipe ufunguo," alisema Tymon.

"Wa nini?"

"Wa gari. Mimi ni dereva, unataka nikuonyeshe karatasi?"

Aliendesha mita zisizofika mia mbili, akazunguka uwanja, akasimama mbele kabisa ya ngazi za manispaa.

"Hapa hairuhusiwi kusimama," alisema Jagoda.

"Najua, nilifaulu mtihani." Akazima injini, akamgeukia. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani kana kwamba gari lingepaa. "Jagoda. Sina kazi. Nina tarumbeta na mama mkali. Unaolewa na mimi?"

"Hapa? Kwenye marufuku?"

"Hapa. Halafu tunaingia mle ndani tunaomba tarehe. Na sitaki yule bibi wa usajili atufungishe. Kuna kitu nimekisoma: katika mji mdogo kama huu meya mwenyewe ana mamlaka ya kufungisha ndoa. Yeye si meya bado? Basi afanye kazi yake."

Jagoda alimkodolea macho. Kisha akapiga kelele iliyowafanya watu wote uwanjani wageuke, akamkumbatia shingo mpaka kiwiko kikabonyeza honi, na honi ikalia, ikalia, hakuna aliyeiachia.

Gawron hakukataa. Naye alikuwa na kiburi chake, na kukataa kungeonekana kuogopa. Mwezi wa Oktoba alisimama kwenye ukumbi wa baraza, mkufu mzito wenye tai wa nembo ya taifa umening'inia juu ya tumbo, mbele ya ukumbi uliojaa watu waliovuka uwanja. Jagoda alivaa gauni la manjano na koti jeupe la manyoya aliloazima. Bibi Lucyna alikuwa shahidi, gauni la zambarau, bruchi, rangi ya mdomo safari hii imekaa ndani ya mstari. Bado alikuwa mpishi wa shule; wazazi walimwambia meya kwamba siku akiguswa, watoto watakula manispaa.

Meya alisoma maneno ya kiapo, sehemu kwa sehemu. Tymon aliyarudia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Jagoda aliyarudia kana kwamba yuko juu ya sanduku.

"Ninatangaza kwamba ndoa imefungwa," alisema Gawron, akawapa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Tymon aliushikilia kidogo. "Babako angefurahi," alisema chini kwa chini, na huenda alimaanisha.

"Asante, Bwana Meya. Tutaonana majira ya joto."

"Mtakuja tena?"

"Tutakuja tena."

Kabla meya hajajibu, kutoka mstari wa mbele Bibi Lucyna alipaza sauti neno ambalo kule huimbiwa maharusi, kana kwamba kinywaji ni kichungu, ili wabusiane na kukitia utamu: "Chungu!"

"Chungu!" akajibu fundi wa mabomba.

"Chungu! Chungu!" ukumbi mzima ukainuka, wakipiga miguu sakafuni hadi picha za mameya wa zamani zikatikisika ukutani. Tymon alimwinua mkewe juu, akambusu, na bado hawakunyamaza. Walizidi. Gawron alisimama katikati ya kelele ile na mkufu wake shingoni, akitabasamu kwa shida, maana wengi wa waliokuwa wakipiga kelele hawakuwa wakiwatazama maharusi.